Hori la Ndama

Sura ya Saba

Marehemu halishi ndama sumu. Kulijua hilo hakuhitaji chuo cha polisi, lakini asubuhi ile Kapteni Shomurod Qilichev alilazimika kumweleza mkubwa wake mara mbili, na mara zote mbili mkubwa wake aliendelea kupuliza chai.

“Ndama mwingine amekufa kwa Yodgor,” alisema Shomurod. “Amekufa leo alfajiri. Norqul tumemzika mwezi uliopita, na magunia yake yote yako stoo yetu, yamepigwa lakiri. Sasa huyu ndama kauawa na nani?”

“Na uzee,” akajibu Meja Ubaydulla.

“Ndama, mkuu?”

“Shomurodjon, ndugu yangu, nisikilize. Maiti tunayo. Muuaji tunaye, na amekiri bila hata kupigwa kofi. Mpini wa jembe tunao. Wenzako wanahangaika mwaka mzima kutafuta kimoja tu katika hivyo, wewe umeletewa vyote kwenye sinia. Unatafuta nini tena?”

“Natafuta kama kweli Norqul aliwapa sumu.”

“Na kama hakuwapa, atafufuka?”

Shomurod alichukua kofia yake akatoka. Meja hakuwa mtu mbaya, ila wema wake ulikuwa unaishia pale faili linapofungwa.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi, na ufupi wake ndio uliomkera. Ndugu wawili wa tumbo moja, wa kijiji cha Oqtepa, kando ya mfereji mkubwa wa mashamba ya pamba. Norqul, mkubwa, alikuwa muuza chakula cha mifugo. Yodgor, kitinda mimba, alikuwa dereva wa trekta, na kwa desturi ya huko ndiye aliyebaki na nyumba ya wazazi, pamoja na mama yao na zizi. Kiangazi Norqul alimletea mdogo wake magunia ya unga wa soya kwa ajili ya ndama. Haukupita muda mrefu ndama wakaanza kufa mmoja mmoja, wakihema kama waliokimbizwa. Watu wakasema Norqul ana kijicho na ile nyumba. Yodgor akalisikia hilo dukani, akalisikia shambani, akalisikia msikitini. Siku alipokutana na kaka yake ukingoni mwa mfereji, alimpiga mpini wa jembe kichwani. Alimpiga mara moja tu, na Norqul hakuinuka.

Kijiji hakikumlaumu sana aliyepiga. Kilimhukumu aliyepigwa. Siku ya mazishi wanaume waliosimama langoni kwa Norqul kupokea rambirambi, wamejifunga mishipi juu ya majoho yao kama inavyopasa, walitosha benchi moja. Sasa arobaini yake ilikuwa inakaribia, na watu walishasema waziwazi kwamba pilau ya muua ndama haitawapita kooni.

Ndipo mama yao, Bi Sanobar, alipotembea kwa miguu mpaka kituo cha polisi, akakaa mbele ya meza ya Shomurod bila kuombwa. “Mwanangu mmoja yuko kaburini na mwingine yuko kwenu,” alisema. “Huyu wa kwenu najua alichofanya. Niambie yule wa kaburini alikuwa mtu wa namna gani. Nimlilie au nimlaani? Siwezi kufanya yote mawili, mwanangu, nimezeeka.”

Shomurod alikuwa amemwahidi jibu. Ahadi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimpeleka Oqtepa asubuhi ile, katika gari lenye hita mbovu, na majibu ya maabara mfukoni. Meja alikuwa ameshaapa kwamba Norqul alichanganya yurea kwenye soya. Wako wafanyabiashara wanaofanya hivyo, kwa kuwa mashine ya maabara huisoma mbolea ile kama protini, na chakula kibovu kikaonekana kizuri. Maabara ikamuumbua Meja. Hapakuwa na yurea, wala dawa ya wadudu wa pamba, wala sumu ya panya. Ilikuwa soya safi, ya daraja ambalo wenye mashamba makubwa ya maziwa huligombania.

Ua wa Yodgor ulikuwa kimya. Mkewe alirudi kwao na watoto kwa aibu, akabaki Bi Sanobar peke yake, ajuza wa miaka themanini na kitu, mwembamba, mwenye ulimi wa wembe, akibeba vijiti vikavu vya pamba kwenda kuwashia tanuri la mkate kana kwamba nyumba bado ina watu wa kulisha.

Daktari wa mifugo wa wilaya, Dilfuza Tosheva, alikuwa ameshafika. Ndama alilazwa juu ya turubai, tayari amepasuliwa. Huo ndio mzoga wa kwanza Dilfuza kuupata, maana wale wa mwanzo wanakijiji waliwatupa shimoni na kuwamwagia chokaa kwa hofu ya maradhi, kabla hawajamwita mtu.

“Umechelewa, kaka,” alisema bila kuinua kichwa. “Sogea, usiogope kuchafua viatu.”

“Viatu ni vya serikali.”

“Basi ndiyo usogee upesi.” Akainua kitu kwa mikono miwili. “Huu ni moyo wake. Ulipaswa kukazana kama ngumi. Ona ulivyotanuka na kulegea. Kifua kimejaa maji, tumbo limejaa maji. Moyo huu ulikuwa unachoka kwa muda mrefu, leo ukasimama.”

“Maradhi?”

“Maradhi gani yanayochagua ndama na kuwaacha mama zao? Wale pale wanacheua, hawana habari. Ni kitu alichokula.”

“Tumboni umekuta nini?”

“Maji. Siku hizi za mwisho alikataa chakula. Kila mtu ananiambia alikuwa akila soya, na soya ilipochukuliwa akawa anakula majani ya lusini. Lusini haiwezi kufanya hivi. Soya ndiyo kabisa. Kaka, mimi ningezaliwa ndama ningeomba soya.”

Shomurod alimwacha na kisu chake akaanza kuuzunguka ua, mikono nyuma, kama alivyozoea anapokuwa hajui anatafuta nini. Alipita zizi, akapita banda la kuku, akasimama kwa punda.

Punda wa Bi Sanobar alijulikana Oqtepa yote kwa uzee wake. Mwaka uliopita mbavu zake zilikuwa zikihesabika toka barabarani, na watoto walimwita Ngazi. Sasa alikuwa amejaa mgongo, manyoya yanang'aa, anamtazama Kapteni kwa dharau ya mtu aliyeshiba. Shomurod aliinama kwenye hori lake. Katika nyufa za mbao kulikuwa na vumbi la manjano. Alilichukua kwa ncha ya kidole, akalinusa. Mwezi mzima alikuwa akiingia na kutoka kwenye stoo yenye magunia ya Norqul. Harufu ile angeitambua hata usingizini.

“Mama!” aliita. “Huyu punda siku hizi anakula nini?”

“Anakula umri wangu!” Bi Sanobar alijibu kutoka jikoni. “Njoo na wewe ule. Daktari hataki, anasema ana damu mikononi. Polisi nyie mmezoea.”

Jikoni alikuwa ameshaweka kikaango motoni na chai ya kijani mezani. Alitoa mayai kwenye chungu kilichokaa pembeni, penye baridi, akapasua la kwanza kwenye bakuli. Shomurod alikuwa ananyoosha mkono kumega mkate. Mkono ukabaki hewani.

Kiini cha yai kilikuwa cha rangi ya zeituni. Si njano iliyofifia, ni kijani kabisa, kimezungukwa na ute wenye wekundu wa mbali.

“Mama, hili yai lina nini?”

“Lina mashaka ya polisi,” alisema yule bibi, akipasua la pili. Nalo lilikuwa vilevile. “Kuku wangu wamezeeka, mayai yao nayo yananuna. Yakikaa chunguni kidogo yanageuka rangi. Ladha ni ileile, kula.”

Shomurod aliomba radhi, akabeba bakuli mpaka uani. Dilfuza alilitazama, akafuta mikono yake kwa kitambaa, taratibu, kidole kwa kidole.

“Kuku wa nani?”

“Wa hapa.”

“Wanakula mashudu ya pamba, kaka. Rangi hiyo haina mwenyewe mwingine. Nani anawapa kuku mashudu ya pamba?”

Wote wawili waligeuka kutazama. Kuku walikuwa wamejazana wanadonoa chini ya hori. Halikuwa hori la ng'ombe wakubwa. Lilikuwa lile fupi la pembeni, la ndama.

“Lakini mashudu ya pamba si ndiyo kila nyumba hapa inalisha?” aliuliza Shomurod kwa sauti ya chini. “Yana protini. Hata redioni wanasema.”

“Yanayo. Nyama ya kondoo na nyama ya panya zote ni nyama, mbona hupiki pilau ya panya?” Dilfuza hakucheka. “Protini hazilingani. Soya ina karibu kila kitu ambacho mwili wa ndama unajengea misuli. Mashudu ya pamba yamepungukiwa. Utamjaza mnyama mpaka ashindwe kusimama, na bado hajengeki vizuri. Hilo peke yake lisingemuua. Lakini mashudu ni mbegu ya pamba iliyokamuliwa mafuta, na mbegu hiyo ina sumu yake, ndiyo silaha yake dhidi ya wadudu. Ng'ombe mkubwa ana tumbo la kwanza linaloivunja nguvu, kwa hiyo anakula na ananenepa. Ndama mchanga tumbo hilo bado limelala. Sumu inapita moja kwa moja, inakwenda kwenye moyo. Kidogo leo, kidogo kesho.”

“Na soya ya Norqul alikuwa anakula punda.”

“Basi mtu alibadilisha,” alisema Dilfuza. “Mtu anayeshika ndoo.”

Shomurod alikuwa amewahoji wanaume wote wa Oqtepa. Aliwauliza nani alileta magunia, nani aliyapokea, nani aliyafungua, nani aliingia zizini. Hakumuuliza hata mmoja nani anawalisha ndama. Alikuwa mwana wa kijiji kama wao, na hakuhitaji kuuliza: katika nyua zote za Oqtepa, ng'ombe ni wa mwanamume, lakini ndama ni kazi ya bibi. Jambo alilolijua tangu utotoni lilimpita mbele ya macho mwezi mzima.

Moshi wa tanuri ulikuwa ukipanda. Bi Sanobar alikuwa anapiga mikate yake ukutani mwa tanuri, mkono wote umezama ndani, hauogopi moto.

“Usimwambie,” alisema Dilfuza ghafla. “Kaka, nakuomba. Nitaandika ni maradhi. Mashudu nitamkataza, nitatunga sababu.”

“Na Oqtepa itaamini?”

Dilfuza alikunja turubai akaufunika mzoga.

Nyumba ya Norqul ilikuwa ng'ambo ya ukuta. Mjane wake, Zebiniso, alifungua lango nusu, kitambaa cha buluu cha msiba kichwani.

“Umekuja kuchukua nini leo, Kapteni? Magunia mlishabeba.”

“Nimekuja kuuliza, dada. Norqul alileta soya kwa sababu gani?”

“Kwa sababu alimpenda yule mjinga.” Alisema kwa hasira, kisha hasira ikamwishia. “Yodgor aliponunua wale ndama wa mbegu ya maziwa, mume wangu alifurahi kuliko mwenye mali. Akasema hawa wakilishwa mashudu ya mama wataharibika. Soya wateja wengine walifuata wenyewe. Ya Yodgor aliibeba mgongoni kwake.”

“Norqul alimwambia mama hayo?”

“Alimwambia. Mama akasema ndiyo, ndiyo, mwanangu. Na wewe una mama, ndiyo ya mama unaijua.”

“Na ndama walipoanza kufa?”

Zebiniso alitazama pembeni. “Usingizi ulimhama. Halafu jioni moja alirudi kutoka kule kwao, akakaa hapo kizingitini, uso si wake. Akasema, ‘Nimejua ni nini.’ Nikamwambia, basi nenda msikitini ukawaambie, maana tumekuwa watu wa kutemewa mate. Akasema, ‘Si la kusemwa nje hilo. Nitalimaliza nyumbani, polepole.’ Kesho yake asubuhi akatoka. Ndipo wakakutana mferejini.”

“Hakukwambia ni nini?”

“Nilimbembeleza. Hakuniambia.” Sasa alimkazia macho. “Kapteni, usije ukatuletea habari za maradhi. Watasema mmehongwa. Binti yangu akienda kuchota maji wenzake wanafunika ndoo zao. Arobaini ni Alhamisi, nimeshaazima masufuria. Nimpikie nani? Nataka useme ni nini kilichoua wale ndama, na useme kwa sauti.”

Alipopita tena lango la Yodgor, Shomurod alikuwa na majibu yote aliyoyaahidi, na angetoa mshahara wake wa mwaka asiwe nayo. Bi Sanobar alikuwa amepanga mikate kitambaani. Dilfuza alikaa kwenye kigoda karibu naye, kichwa chini.

“Mama,” alisema Shomurod, “ndama walikuwa wanakula nini?”

“Soya ya Norqul, nini tena?”

“Soya ya Norqul amekula punda.”

Bi Sanobar alijifunika mdomo kwa ncha ya kitambaa chake, kama msichana aliyefumaniwa na sukari. “Umemwona alivyonawiri? Basi kaa nalo hilo, mwanangu. Sikutaka kumvunja moyo Norqul, ndiyo biashara yake. Lakini ule unga! Vumbi la manjano, limetoka sijui nchi gani, mafuta halina, harufu ya chakula halina. Utampaje mtoto mchanga kitu kama kile? Nilimwagia punda, nikawapa wale watoto chakula cha haki.”

“Mashudu ya pamba.”

“Ndiyo. Na si ovyoovyo.” Alinyoosha mgongo, hapa alikuwa akizungumzia kazi anayoijua. “Mwaka wa njaa, baada ya vita, mimi nilikuwa mdogo hivi. Mama yangu alikuwa akitafuna mashudu ya pamba, akilainisha, anatutia midomoni. Waliokosa tuliwazika. Mimi niliyepata ndiye huyu unayezungumza naye. Sasa aje mtu aniambie mashudu si chakula cha watoto! Niliwalowekea maji ya moto. Niliwachagulia vipande vyenye mafuta. Aliyekuwa dhaifu nilimwongezea.”

“Aliyekuwa dhaifu ulimwongezea,” alirudia Shomurod.

“Nilimwongezea. Nilimpa kwa mkono wangu, anayanyonya vidoleni.” Sauti ilipungua. “Na yeye ndiye aliyekuwa anatangulia kufa. Kila mara yule dhaifu.”

Alimtazama Shomurod, akamtazama Dilfuza, akatazama turubai lililofunika kile kilichobaki cha ndama.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwa Shomurod, mwepesi na wenye huruma. Angeweza kuusema na Yodgor angebaki na mama mwenye amani. Lakini akilini aliwaona wale wasichana wakifunika ndoo zao. Akamweleza yule bibi yote, toka kiini cha yai mpaka moyo wa ndama, kwa maneno machache kadiri alivyoweza. Dilfuza alilia waziwazi, bila kujificha. Bi Sanobar hakulia.

“Kwa hiyo Norqul aliniambia kweli,” alisema.

“Alikwambia kweli, mama.”

“Na aliyewaua ndama ni mimi.”

“Hukujua.”

“Sikukuuliza kama nilijua.” Aliisukuma mikate pembeni. “Haya, niandikie.”

“Nikuandikie nini?”

“Kosa langu. Wewe si polisi? Yodgor umemwandikia kwamba amemuua kaka yake. Mimi niandikie kwamba nimewamaliza wote wawili. Nitatia kidole gumba, kusoma sijui.”

“Hakuna kifungu, mama. Sheria haina kosa la namna hiyo.”

“Haina?”

“Haina.”

“Tafuta vizuri,” alisema Bi Sanobar. “Sheria ina kosa la kuiba kuku, itakosaje hili?” Alingoja kweli, kama mtu anayengoja duka lifunguliwe. Kisha aliinuka, akajitanda kitambaa chake, akatoka barabarani.

Ilikuwa wakati wa watu kutoka sala ya adhuhuri. Alisimama mbele ya lango la msikiti, mahali ambapo wanawake wa Oqtepa hawasimami, akainua sauti. Alisema Norqul hakumpa sumu ndama wa mtu. Alisema soya ya Norqul ilikuwa chakula bora kuliko vyote walivyonavyo wao, na kwamba yeye Sanobar aliimwaga kwa punda na kuwaua ndama kwa mashudu, kwa mkono wake, na kijiji kizima kilimsaidia kumuua mwanawe kwa midomo yao. Kisha akarudia tangu mwanzo, kwa ajili ya wale waliochelewa kutoka. Hakuna mwanamume aliyethubutu kumwambia anyamaze. Zebiniso alikuja kutoka langoni kwake na kumshika mkono. Hakusema nimekusamehe. Alimshika tu asianguke, akampeleka nyumbani kwake.

Ilibaki kumwambia Yodgor.

“Nitakwenda mimi mwenyewe,” alisema Shomurod kesho yake. “Au tuache, mama, walau mpaka hukumu ipite. Kule ndani ana kitu kimoja tu cha kushikilia, kwamba alimpiga mtu mbaya. Ukimwondolea hicho atabaki na nini?”

“Atabaki na kaka yake,” alisema Bi Sanobar. “Sasa hivi hana hata huyo.”

Mahabusu ya mkoa ilikuwa na chumba kimoja cha maongezi, chenye meza ndefu ya mbao iliyopigiliwa sakafuni. Yodgor aliletwa, amekonda, nywele zimenyolewa. Alipomwona mama yake alitabasamu, akauliza habari za ng'ombe, akauliza kama paa la zizi limeshavuja. Bi Sanobar alimjibu ng'ombe wazima na paa halijavuja. Halafu akamwambia. Hakuzunguka, wala hakujitetea. Shomurod alisimama karibu na mlango, akitamani kuwa mahali pengine popote.

Yodgor alisikiliza mpaka mwisho.

“Unasema uongo, mama. Unataka nimsamehe.”

“Katika maisha yako nimekudanganya kwa jambo moja tu, unga ule wa manjano.”

“Kapteni, anasema uongo, sivyo?”

“Hasemi uongo,” alisema Shomurod.

Yodgor alitikisa kichwa, kwanza polepole, kisha kwa nguvu. “Mbona hakusema? Hebu niambieni, mbona hakusema? Mimi sikumpiga hivihivi. Nilimuuliza! Nilimwambia, ‘Kaka, ni wewe?’ Akanyamaza. Nikamwambia, ‘Kama si wewe ni nani, nitajie, nitakuamini.’ Aligeuka akaitazama nyumba yetu, mkononi hana kitu, akasema, ‘Tuyaache, Yodgor.’ Basi. Tuyaache. Nikajua ni yeye. Mtu asiye na hatia si angesema tu si mimi? Neno moja! Kapteni, kwa nini hakulisema?”

Shomurod aliyakumbuka maneno ya Zebiniso pale kizingitini. Hakuwa amemwambia yule bibi, na alikuwa ameazimia asimwambie kamwe.

“Jioni ile alikuja,” alisema Bi Sanobar. Alikuwa akisema na meza. “Alinikuta zizini naloweka. Alisimama nyuma yangu muda mrefu. Nikamuuliza, unataka nini? Akasema hataki kitu, amekuja kunitazama tu. Akachukua ndoo mkononi mwangu, akaniambia kapumzike, mama, umechoka.” Aliinua uso akamtazama mwanawe. “Alikuwa ananificha mimi, Yodgor. Ulipomuuliza ni nani, alikuwa ananificha mimi.”

Yodgor aliinamisha kichwa chake kilichonyolewa mpaka paji la uso likagusa ubao, na mabega yakaanza kutikisika.

Bi Sanobar aliinuka kwenye kiti, akalalia meza kwa kifua chake, akanyoosha mkono amguse mwanawe kichwani. Meza ilikuwa pana. Mkono haukufika.